Irabu ya Gunia

Walimu vijana, mmeniomba niwaandikie mawili matatu kuhusu miaka niliyokula chaki pale Gungu, Kigoma, na mkaniomba niseme mambo ya maana. Hapo ndipo mlipokosea. Mtu anayetaka mambo ya maana haendi kwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, anakwenda kwa muuza mawese, angalau atarudi na kitu cha kupikia. Mimi nitawasimulia irabu moja tu, ile iliyo katikati ya bird, girl na nurse. Ilinitoa jasho kuliko watoto watundu wote niliowafundisha, na nusura inihamishe mji.

Msicheke. Sisi tuna irabu tano, na tano hizo zimetutosha kuposana, kugombana na kuzikana tangu enzi za mababu. Halafu anakuja Mwingereza na irabu zake chungu nzima, na katikati yake hii moja ambayo si a, si e, si o, wala si mtoto wao. Mwambie mtoto wa Kigoma aseme bird, atasema bed. Mkaripie, atasema bad. Mkaripie tena, atanyamaza, na akishanyamaza ujue umeharibu kazi, maana mtoto aliyekosea bado unaye, aliyenyamaza amekwenda zake.

Mimi mwenyewe nilipotoka chuoni sikuwa nayo. Chuoni walitufundisha matamshi kwa kaseti, na redio ya chuo ilikuwa haijabadilishiwa betri tangu inunuliwe. Mama wa Kizungu wa kwenye kaseti alivuta maneno kama aliyeamshwa usingizini kwa nguvu. Mimi nikadhani ndiyo lugha yenyewe. Nikaja Gungu, nikawapa watoto nilichopewa, na mwaka mzima darasa langu la kwanza likawa linasema girl kwa uvivu wa kutisha, neno linaanza kengele ya mapumziko ikigongwa, linaisha watoto wa darasa jingine wamekwisha kunywa uji. Mmoja wao sasa ni mtu mzima, anafanya kazi bandarini. Nikimsikia akizungumza na wageni natamani kumnunulia betri. Wageni wenyewe humsubiri kwa heshima amalize, wakidhani ni mtu wa hekima nyingi.

Aliyenishtua ni Mwalimu Haule. Alikuwa mtu wa Songea, mkuu wa idara ya lugha pale shuleni, mzee mwembamba mwenye vikohozi viwili: kimoja cha ugonjwa, kingine cha kukuambia umekosea. Siku moja alipita nyuma ya darasa langu, akakohoa kile cha pili mfululizo mpaka nikatoka nje.

"Mwalimu Tatu," akasema, "hawa watoto wanaumwa?"

"Hapana, Mwalimu. Wanasoma."

"Basi anayeumwa ni Kiingereza." Akanivuta kando. "Sauti si jini, mwanangu. Haitoki hewani. Ina mahali pake pa kukaa mdomoni. Itafute ilipo, halafu uwaonyeshe njia."

Kesho yake akaniletea kioo chake cha kunyolea ndevu nikawaonyeshe wanafunzi midomo yao. Fikra nzuri sana. Nilikizungusha dawati kwa dawati, na kila mmoja alitakiwa ajitazame akitamka. Wasichana wakajitazama nyusi. Wavulana wakatafuta ndevu. Kufikia Ijumaa darasa zima lilikuwa limependeza, na irabu haijulikani iliko. Kwa hiyo shikeni hili, hata kama mengine mtayatupa: kioo kinaonyesha midomo, na irabu hii haiko midomoni. Ukiiandama kwenye midomo utafundisha watoto kukunja sura, na nchi ina sura zilizokunjwa za kutosha.

Jambo la pili, msianze na neno lililoandikwa ubaoni. Mtoto akiona herufi atazisoma kwa Kiswahili chake, na kosa haliko kwake. Mfiche maandishi. Mpe sauti kwanza peke yake, aizoee kama anavyozoea mgeni mkimya, ndipo uivalishe herufi mbele na nyuma. Nyie siku hizi mnabonyeza simu, inatamka yenyewe, mtoto anaiga. Vizuri. Lakini simu haimwambii ulimi wake uko wapi.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Mkuu wetu wa shule alikuwa Muha wa Kasulu, mtu wa maneno machache, na kila moja lilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia. Akaniita ofisini. "Mwalimu Tatu, hapa tuna walimu wa Kiingereza wengi kuliko madarasa. Kule Kakonko wanalia hawana. Mkaguzi anakuja kusikiliza watoto wakisoma kwa sauti. Mwalimu ambaye darasa lake litasoma vibaya, ndiye atakayefunga mizigo."

"Na mkaguzi mwenyewe anapenda nini, Mkuu?"

Akatazama nje ya dirisha. "Nimesikia ana ugonjwa wa irabu. Shule aliyotoka, alisimamisha kipindi kizima kwa sababu ya bird."

Nilitoka pale nikiinong'ona bird njia nzima. Isingekuwa jambo moja, ningekwenda Kakonko nikiimba, maana serikali haikukuajiri ukae kwenu. Lakini nyumbani Ujiji kulikuwa na mama yangu, Bi Mwamvua.

Mama aliuza mawese maisha yake yote mpaka miguu ikagoma. Mdomo haukugoma. Alikuwa mwanamke mnene wa haki, na kila asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini nilimwinua kitandani nikamkalisha kwenye kiti chake uwani, anywe uji na asengenye wapita njia. Kaka zangu wote wawili walikuwa ng'ambo ya ziwa, Kalemi, na biashara zao. Majirani wangempa maji na chakula, Mungu awabariki, lakini kuinuliwa na wao alikataa katakata. Alisema mtu asiyemzaa akimshika kwapani anamtekenya. Nikihama mimi, mama angebaki kitandani kutwa nzima akihesabu misumari ya bati. Niliogopa. Nawaambia bila kuzunguka, niliogopa kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu.

Nikalala na ile irabu, nikaamka nayo. Nikaitafuta nikipika, nikaitafuta njiani. Abiria wenzangu wakaanza kunipisha siti nzima. Asubuhi moja nikaenda kumwinua mama kama kawaida. Nikaingiza mikono kwapani, nikakaza mgongo, nikamwinua, na pumzi ikanitoka kwa mguno.

Nikaganda pale pale, mama nusu kitandani nusu hewani.

"Wee Tatu, nini tena?"

"Mama, ngoja kidogo. Nitakushusha nikuinue tena."

"Unishushe? Kwani mimi gunia la dagaa?"

Nikamshusha. Nikamwinua. Mguno ukatoka ule ule, mzima, umekaa katikati ya mdomo kama mwenye nyumba. Nikamshusha mara ya tatu.

"Umeingiliwa na kitu, mwanangu. Tumwite shekhe?"

"Mama, natafuta irabu."

"Katafute kwa mama wa mwenzio!"

Lakini nilikuwa nimeipata. Jaribuni wenyewe, hata sasa hivi, inueni kitu kizito. Mtu anayeinua mzigo hana nafasi ya kuviringa midomo wala kuitanua. Midomo inatulia. Taya linalegea kidogo. Ulimi unalala katikati, haukimbilii meno wala haurudi kooni. Pumzi inapanda kutoka tumboni, inapita, na hiyo ndiyo irabu ya Mwingereza, nzima kabisa, na kumbe kila mchukuzi wa mizigo pale Kibirizi anaitamka kutwa bila kwenda shule. Sisi sote tunayo. Tatizo letu tulikuwa tunaitafuta tumekaa vitini.

Darasa langu lilikuwa kidato cha pili, na wengi walikuwa watoto wa mitaa ya Mwanga na Kibirizi, watoto wanaojua mizigo. Kama mmewahi kuwatazama wachukuzi pale mwaloni Kibirizi, boti zinapotia nanga, mnajua utaratibu wao: wanapiga kofi moja kukung'uta viganja, wanainama, wanakamata masikio ya gunia, wanaguna, gunia linapanda. Nikawaambia watoto wasimame, kila mmoja ana gunia lake la hewa mbele yake.

Mkono ukanyooshwa. Alikuwa Butoyi, binti wa mchuuzi wa dagaa, pacha mdogo mwenye maswali ya mapacha wote wawili. "Madam, gunia la dagaa au la chumvi?"

"Kuna tofauti gani?"

"La dagaa jepesi, Madam, mguno unakwenda juu. Chumvi ya Uvinza ndiyo inashuka chini."

Nikafikiri. "Chumvi," nikasema.

Likapigwa kofi moja la darasa zima, migongo ikainama, na mguno uliotoka ulitikisa ubao. Irabu safi! Machozi yalinilenga. Tukaiongezea herufi mbele, ikawa bird. Tukaiongezea nyingine, ikawa girl, nurse, first. Kila neno na gunia lake. Kwa siku chache tu watoto walikuwa wanaisoma hadithi nzima, kofi, kuinama, kuguna, na wakifika kwenye maneno mengine wanasimama wima kama watu.

Mwalimu Haule alikuja kutazama mlangoni. Alikohoa kile kikohozi cha ugonjwa, nikafurahi. Halafu akasema, "Umewapa mkongojo, Mwalimu Tatu. Usisahau kuwanyang'anya."

Alisema kweli, nami nilikuwa na mpango: kwanza niondoe kofi, kisha niwazoeze kuguna wamesimama, mwisho wakae vitini na irabu ibaki mdomoni peke yake. Fundi hubomoa jukwaa lake nyumba ikishakamilika. "Wiki ijayo naanza kuondoa," nikamwambia.

Mkaguzi akaja wiki ile ile.

Alikuwa mtu wa Tanga, mrefu, kitambi cha heshima, suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Mstaarabu wa pwani hasa. Ilikuwa ziara yake ya kwanza Kigoma, na alipokuwa anakunywa chai ofisini akamwuliza Mwalimu Haule habari za mila za wenyeji. Haule, ambaye aliapa mpaka siku anastaafu kwamba alikuwa anapiga soga tu, akamwambia: "Huku kwa Waha, Mzee, salamu ni kitu kikubwa. Wakikupigia kofi na kuinama, ujue umeamkiwa. Usipowarudishia vivyo hivyo, umewatukana wao na wazazi wao."

Na hilo ni kweli. Waulizeni bibi zenu.

Akaingia darasani, watoto wakasimama, akakaa nyuma na kalamu yake. Nikapiga dua moyoni. Nikawanong'oneza watoto, "Leo bila gunia," lakini nilivyowaona macho nikajua wamesikia "gunia" peke yake. Butoyi akafungua kitabu. Hadithi ilimhusu msichana aliyemwokota ndege mgonjwa akampeleka kwa muuguzi, kwa maana kwamba nilikuwa nimeichagua kwa mikono yangu mwenyewe ili irabu ile iwemo kila mstari. Mtu akijichimbia shimo, anachimba la kutosha.

Butoyi akafika kwenye girl. Kofi! Darasa zima likainama, likaguna.

Mkaguzi akashtuka. Nikaona anafikiri. Akaweka kalamu juu ya dawati taratibu, akasimama, akapiga kofi moja la ustaarabu, akainama, akasema, "Marahaba, marahaba." Akakaa.

Butoyi akafika kwenye bird. Kofi! Mkaguzi akasimama tena. "Marahaba, wanangu." Safari hii kitambi kilimbana, akainama kwa taabu. Kabla hajakaa vizuri, first. Akainuka. Nurse. Akainuka. Watoto nao walipoona mgeni anabeba gunia pamoja nao wakapata moyo, wakaguna kwa nguvu zaidi. Butoyi, shetani yule, akaanza kusoma haraka. Jasho likamtoka mkaguzi kwenye paji la uso, suti ikapoteza makali, na ilipofika mahali ndege anapona, bird, bird, bird, mfululizo, yule mzee wa watu aliinama mara ya mwisho akashindwa kusema marahaba. Alitoa mguno tu.

Nawaapia, ilikuwa irabu bora kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Mtu aliyekuwa akizunguka mkoa mzima akiitafuta kwa kupinda mdomo, aliitoa pale, safi, bila kujua.

Mimi nilikuwa nimeuma ncha ya mtandio. Dirishani niliona uso wa Mkuu wa shule, haucheki. Nyuma yake Mwalimu Haule alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika.

Kipindi kilipokwisha mkaguzi akaja kunishika mkono, bado anahema. "Mwalimu, irabu wanayo. Sijaisikia hivi mkoani. Na adabu! Nimekwenda shule nyingi, sijaona watoto wa kuniamkia katikati ya hadithi. Ila niambie, kwa nini wanarudia rudia?"

Hapo, wanangu, Kakonko nilikuwa naiona kwa macho. Namwona na mama kitandani, anatazama bati. Nikainamisha kichwa kwa heshima. "Kwetu, Mzee, salamu haiishi."

Akatikisa kichwa kwa kuguswa. Akaondoka anawaambia walimu wote kwamba Kigoma kuna malezi.

Mkuu wa shule akaniita jioni ile. "Mwalimu Tatu. Mimi ni Muha, baba yangu Muha, babu yangu Muha. Niambie. Tangu lini sisi tukamwamkia ndege?"

Hakungoja jibu. Akasema Kakonko siendi tena, na wiki ijayo niondoe yale magunia darasani kabla wazazi hawajauliza nani kawafungulia watoto wao bandari. Nikatoka, nikafunga mlango, ndipo nikasikia kicheko chake kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kilikuwa kikubwa kuliko nilivyodhania.

Nilipomsimulia mama alicheka mpaka kiti kikalalamika. "Kumbe aliyewafundisha ni mimi," akasema. "Umekwenda kumtangaza mama yako kwa serikali kwamba ni gunia la chumvi."

"La dagaa ni jepesi, mama. Halina irabu."

"Nipe uji wangu, mjinga wewe." Lakini alinishika mkono, akanyamaza kidogo, na mama kunyamaza kulikuwa kitu cha kuitia majirani.

Magunia nilianza kuyaondoa wiki iliyofuata. Kofi lilitoka kwa shida, mgongo ukatoka kwa shida zaidi, na kwa baadhi yao haukutoka kabisa. Hili nalo lishikeni: mtoto anasahau ulichomwambia, hasahau ulichomfanya afanye kwa mwili wake. Kwa hiyo chagueni vizuri mnachowainamisha nacho.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilimwinua asubuhi baada ya asubuhi, akinisema, nikiguna, mpaka asubuhi moja nikamwinua akawa hasemi kitu.

Watu wa msiba wakajaa uwani pale Ujiji. Wakaja pia wanafunzi wangu wa zamani, kutoka Gungu, Mwanga, Kibirizi, wanaume wenye ndevu na familia zao. Mimi nilikuwa chumbani na wanawake, nimejifunika kanga, Butoyi amekaa ubavuni mwangu. Kaka zangu walikuwa wamefika kutoka Kalemi. Wakati wa kutoka ukafika, jeneza likawekwa tayari nje, na mama alikuwa hajapungua hata kidogo. Nikasikia mtu anasema, "Haya, vijana."

Kisha nikasikia kofi moja la viganja, la pamoja. Na kabla tahlili haijaanza, mguno. Wote kwa mara moja, kutoka tumboni, katikati ya mdomo, chini kabisa, pale pa chumvi ya Uvinza.

Butoyi akanitazama. Nikaanza kucheka ndani ya kanga huku machozi yananimiminika, siwezi kujizuia. Shangazi yangu akanifinya paja kwa hasira, akadhani msiba umenipanda kichwani. Sikumweleza. Nilikuwa nawasikiliza wanafunzi wangu wakimwinua mama, na hakukosea hata mmoja.